Sinia la Mke wa Rais

Mmeniomba maneno machache juu ya kazi, ninyi watatu mlioajiriwa mwaka huu kwenye nyumba yetu ya Etterbeek, hapa Brussels. Machache siyawezi. Mke wangu husema mtu akiniuliza saa ngapi, mimi huanza na aliyeunda saa. Basi vumilieni. Nimestaafu, nakaa Ganshoren ghorofa ya nne, mtaa mtulivu hadi unamsikia jirani akikoroga chai, na sina haraka.

Nianze na hili, na mengine mkiyasahau sitawalaumu: soma karatasi kabla hujagusa kitu. Kila kitu ndani ya ile nyumba kina karatasi yake ya hali, inayoeleza kilivyokuwa siku kilipoingia. Ufa uko wapi, doa liko wapi, pasipoguswa ni wapi. Mimi siku moja sikuisoma kwa sababu nilijiona fundi. Nitawasimulia, lakini siyo sasa hivi. Aibu haisimuliwi mtu hata koti hajavua.

Nyumba mnaijua: nyembamba, ghorofa tatu, ngazi za kulalamika. Aliishi humo mtu aliyewahi kuwa rais wa nchi moja ya kwetu Afrika, akapinduliwa, akafungiwa, kisha akaja kuzeekea na kufia Brussels. Nchi yake siitaji. Walio wake wanaijua na bado wanagombana juu yake, nami nimestaafu, sitaki kuitwa kusuluhisha. Alipofariki, binti yake, Maman Eugénie, aliigeuza nyumba kuwa maktaba na makumbusho: vitabu juu, vitu chini, na darasa la watoto nyuma, upande wa bustani. Marehemu tulimwita Rais tu, kana kwamba wengine duniani hawahesabiki.

Mimi ni mtu wa Likasi, kule Kongo. Baba yangu aliyeyusha shaba kiwandani maisha yake yote ya kazi. Nilikuja Ubelgiji kusoma, nikasoma kidogo, nikaoa, nikawa seremala. Kwenye ile nyumba niliitwa kutengeneza rafu za vitabu, kazi ya wiki mbili. Nimetoka baada ya miaka ishirini na sita. Aliyenibakiza ni Madame Lieve, mtunzaji wa vitu, mwanamke wa Gent, mwembamba, mwenye baiskeli na maneno ya kuhesabu. Alinikuta nazungusha kona ya rafu kwa msasa, akauliza kwa nini napoteza muda. Nikamwambia kona kali itachuna ngozi ya kitabu. Akaenda zake. Kesho yake alirudi na mkataba.

Madame Lieve ndiye aliyenifundisha kuangalia. Wiki ya kwanza alinipa kikombe cha Rais na karatasi tupu, akasema nieleze. Nikaandika: kikombe kizuri cheupe. Akakata "kizuri". Nikaandika: kikombe cheupe cha zamani. Akakata "cha zamani", akauliza nimejuaje. Siku nzima tulikuwa na kile kikombe. Jioni nilikuwa nimeona nyufa tatu, alama ya midomo pembeni, na kwamba hakikuwa cheupe hata kidogo. "Andika unachokiona, Flory," aliniambia, "siyo unachokipenda." Mkono wake ulikuwa na wino, mimi nilikuwa na njaa, nikidhani kazi yenyewe ni mzaha wa Wazungu.

Njia za kazi hubadilika, kwa hiyo msiapie yoyote. Nilipoanza, tulivaa glavu nyeupe za pamba kwa kila kitu, hata vitabu, tukafanana na wahudumu wa harusi. Baadaye wataalamu wakasema glavu zinararua kurasa kwa sababu vidole havihisi kitu. Kwa vitabu osha mikono, kausha, basi. Glavu zikabaki kwa picha na kwa madini. Wageni hawakupenda. Mzee mmoja aliyetoka Porte de Namur, mtaa wa Waafrika wa hapa, na suti yake ya Jumapili aliniona nikifungua kitabu cha Rais kwa mikono mitupu, akanivuta pembeni kwa huruma.

"Papa, hata gants habakupatie? Bon, kamata yangu."

Akavua zake za ngozi, za baridi, akanishikisha. Nilizirudisha mara tatu, naye mara tatu akazikataa. Ninazo hadi leo.

Kosa la suti siyo langu peke yangu, lile tuligawana. Tuliivalisha suti ya Rais sanamu la fundi cherehani, lile la kiwiliwili lisilo na kichwa. Madame Lieve aliridhika, mabega yamekaa vizuri, kitambaa hakivutwi. Akapita Maman Bibiche wa mapokezi. Maman Bibiche ni mtu wa Lubumbashi, na kwa kuwa mlango ulikuwa wake, aliiona nyumba yote ni yake. Alisimama mbele ya suti akiwa ameshika kiuno, akaniita tonton, yaani mjomba, kama kawaida yake.

"Tonton Flory, minakuuliza: kichwa ya Président iko wapi?"

"Ni sanamu la kushonea, maman. Halina kichwa."

"Alors, bantu batasema balimukata. Kwabo balimupindua, na hapa sisi tunamumalizia?"

Tulicheka, lakini tuliitoa siku hiyo hiyo. Suti ililazwa ndani ya droo pana yenye kioo, na mtoto anayetaka kuiona huivuta mwenyewe. Kwa miaka yote niliyofanya kazi, hakuna kitu kilichopendwa kama ile droo. Kwa hiyo msikilizeni aliyekaa mlangoni. Yeye huwaona wageni wakitoka, ninyi mnawaona wakiingia.

Na maelezo ukutani, jamani. Kifaransa na Kiholanzi, herufi sawa, upana sawa, na nani akae kushoto? Tulibadilishana chumba kwa chumba. Mgeni mmoja alitoa rula mfukoni akapima. Nilisimama nyuma yake natoka jasho, naye akageuka akaniambia Kiholanzi kimepunjwa nusu sentimita, nikaenda kukichapa upya. Ukishayabandika, piga magoti uyasome, maana msomaji wako mkubwa ana miaka minane na ni mfupi. Mtoto huyo atakuuliza kwanza choo kiko wapi. Akirudi atauliza: "Ni ya kweli hii?" Hapo usidanganye, hata kwa kitu kidogo. Mtoto aliyedanganywa juu ya kijiko hatakuamini juu ya mapinduzi.

Haya, sasa koti tumevua.

Tulikuwa tunafungua chumba kipya cha chini, chumba cha miaka ya kifungo. Baada ya kupinduliwa, Rais na familia yake walifungiwa kwenye nyumba moja ya serikali, miaka mitatu, bila mgeni. Mkewe alifia huko. Vitu vya chumba hicho vilikuwa vichache: redio iliyokatwa waya, viatu vya watoto, na sinia la shaba. Na siku ya kufungua, Jumamosi, Maman Eugénie alikuwa atie sahihi mbele ya wageni karatasi ya kutoa vyote kwa maktaba, moja kwa moja. Hadi siku hiyo vitu vilikuwa vya kuazima tu. Ndugu zake wengine walitaka vigawanywe, kila mmoja abebe chake. Sahihi yake ndiyo ingevifunga pamoja. Bila hiyo, siku akifumba macho, nyumba ingekuwa tupu na shule zingekuja kutazama misumari ukutani.

Wiki hiyo gurudumu la baiskeli ya Madame Lieve liliingia kwenye reli ya tramu. Walioishi Brussels wanajua. Kifundo cha mguu kilivunjika, akanipigia simu kutoka kitandani.

"Chumba ni chako, Flory. Soma karatasi."

Nikasema ndiyo, Madame. Nilisoma ya redio. Nilisoma ya viatu. Ya sinia niliiacha kwenye faili. Mimi mtoto wa Likasi, niliyelala utotoni nikinusa moshi wa shaba, nifundishwe shaba na mtu wa Gent? Ndivyo nilivyojiambia, tena kwa sauti, peke yangu chumbani.

Asubuhi ya Jumamosi nililitazama lile sinia juu ya meza yake, kabla ya kulifunika kioo. Lilikuwa limefubaa, la kahawia, na pembeni, kulia na kushoto, palikuwa na madoa mawili meusi. Nikamkumbuka mama. Nyumbani kwetu Likasi hapakuwa na kitu cha maana ila vyombo viwili vya shaba, na mgeni akisikika anakuja, mama alivisugua kwa ndimu na majivu hadi unaona meno yako. "Mugeni akiona shaba nyeusi," alisema, "anajua hamukumungojea." Na hapa wageni wa Rais wako njiani, tena watu wazima wenye tai, waje wakute sinia la mkewe lina madoa? Niliona haya kwa niaba ya marehemu.

Nilinunua ndimu mbili dukani pembeni. Majivu niliyakuta kwenye jiko la zamani la bustanini. Na glavu nilivaa, msinicheke, kwa sababu kanuni ya madini ni glavu. Nilisugua robo saa. Sinia liliamka. Lilitupa mwanga hadi kwenye dari, nikasimama kulitazama na machozi yakanilenga kwa furaha, maana niliona mkono wa mama yangu unafanya kazi Ulaya.

Maman Eugénie alifika saa nne, kabla ya wageni. Alikuwa na kawaida: kila akija stoo alikuwa akiomba abaki na lile sinia dakika moja peke yake. Sikuwahi kujua anafanya nini. Aliingia na mkoba wake begani, akaliendea, akainua mikono yote miwili, ikabaki hewani.

"Liko wapi?" akauliza.

"Nini, maman?"

"Sinia la mama yangu."

"Si ndilo hilo?"

"Hapana, tonton. Hili silo." Akageuka kunitazama, uso umemshuka. "Wamelibadilisha. Wale watu wa gari waliolileta toka stoo. Wamechukua la mama, wameweka jipya."

Akatoka, akaketi kwenye ngazi. Mimi nilikwenda kwenye faili. Karatasi ilikuwa mwandiko wa Madame Lieve: *Sinia la shaba. Ukingoni alama mbili nyeusi, za vidole gumba vya mke wa Rais. Zisiguswe. Zisisafishwe kamwe.*

Vijana, niliisoma mara tatu nikitafuta neno ambalo labda nimelikosea. Maman Bibiche alinikuta nimeegemea kabati. Nilimwonyesha karatasi. Alisoma, akanusa hewa, akanusa glavu zangu.

"Ndimu," akasema.

"Ndimu."

Alichungulia mlangoni, akashusha sauti. "Tonton, ufunge kinywa. Yeye mwenyewe anasema ni bale ba camion. Madame Lieve iko na muguu, hatakuya. Ile papier, bon, papier zinapoteaka."

Alisema kwa kunipenda. Nilikuwa na watoto watatu shuleni, naye aliwajua kwa majina. Na nitakiri: nilisimama pale na karatasi mkononi muda wa kutosha kuikunja mara moja. Kilichonizuia siyo wema. Niliwaona wale wabebaji wawili, ambao juzi yake walilishusha sinia lile ngazi nzima wakiwa wamelikumbatia kama mtoto mchanga, wakinyamazishana. Wangefukuzwa wao. Na Maman Eugénie angebaki maisha yake yote akilitafuta sinia ambalo liko mbele yake.

Nilikwenda kuketi ngazini, ngazi moja chini yake.

"Maman, halijabadilishwa. Ni lenyewe. Ni mimi nimelisugua, leo asubuhi, kwa ndimu na majivu. Karatasi imekataza, na karatasi sikuisoma."

Wageni wa kwanza walikuwa wanapiga kengele.

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya wageni."

"Wageni," akasema, polepole. Kisha akasimama, akajifuta macho, akashuka kuwapokea. Alitabasamu, alishukuru kila mtu, alieleza chumba chote isipokuwa sinia. Kalamu ya kutia sahihi ilikaa mezani imefunguliwa hadi jioni, wino ukakauka.

Nilimpigia Madame Lieve kumwambia naacha kazi.

"Andika," akasema.

"Niandike barua?"

"Barua ya nini? Andika kwenye karatasi ya sinia. Lilivyokuwa, ulichofanya, na lini. Halafu andika maelezo ya ukutani, kwa wageni. Na usinikimbie, mimi mguu mmoja siwezi kukufuata."

Maelezo yale niliyaandika mara ishirini. Mara ya kwanza niliandika: alama hizo hazipo tena. Akanisomesha kwa simu, akakata. Niliandika: ziliondolewa. Akauliza, na nani, na upepo? Mwisho tukabandika hivi: *Sinia la shaba. Lilikuwa na alama za vidole gumba vya mke wa Rais. Mfanyakazi wa nyumba hii alizifuta kwa makosa, alipolisugua kwa ndimu asubuhi ya ufunguzi.* Nilipiga magoti nikayasoma kwa urefu wa mtoto. Kila neno lilinichoma.

Zilipita wiki sita. Maman Eugénie hakuja wala hakupiga simu. Nilikuwa nikisikia kengele ya mlango, nachungulia ngazini. Kisha Jumatano moja mchana, saa ambayo shule hapa zimefungwa na nyumba iko kimya, Maman Bibiche akapanda mbio.

"Tonton, iko chini. Na haiko na mkoba."

Baadaye alinieleza kwamba mtu anayekuja kuchukua vitu vyake huja na mkoba; wakati ule sikuelewa, nilishuka tu. Madame Lieve alikuwa amerudi, na magongo yake. Maman Eugénie alikuwa chumba cha chini, amesimama mbele ya maelezo yangu, akiyasoma. Kiswahili chake ni cha polepole, Kifaransa kikiingia katikati.

"Nimekasirika bado, tonton Flory," akasema bila kugeuka. "Nataka ujue hilo kwanza."

"Ndiyo, maman."

"Sasa nikwambie. Kabla ya kufungiwa, mama alikuwa analisugua hili sinia kila siku ya wageni. Kwa ndimu. Kama wewe. Ilikuwa aibu kwake lionekane jeusi. Halafu wakatufunga. Baba walimweka chumba cha peke yake, ng'ambo ya uani, na mama aliruhusiwa kumpelekea chakula mara moja kwa siku. Askari walitaka kuona mikono yake. Voilà, hivi." Alinyoosha mikono mbele, vidole gumba juu ya ukingo wa sinia ambalo halikuwepo mikononi. "Gumba zionekane, zisiguse kingine chochote. Siku zote, mahali pale pale. Ndiyo zile alama. Na kila alipoliweka mezani, alimwambia baba, sisi tukimsikia kwa dirisha: 'Samahani kwa weusi huu, sikupata ndimu.' Kila siku, miaka mitatu. Lilikuwa neno lao. Baba alikuwa anacheka."

Madame Lieve alitazama magongo yake. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, na sioni haya kuwaambia.

"Kwa hiyo sijui," akasema Maman Eugénie. "Nikilala naona umemfuta mama yangu. Nikiamka nasema, yeye mwenyewe siku hiyo angelisugua." Akamgeukia Madame Lieve. "Alama zinaweza kurudi?"

"Jasho la mikono hutia shaba weusi," alisema Madame Lieve, ambaye hakujua kupamba. "Zitakuja alama. Hazitakuwa zake."

"Najua hazitakuwa zake."

Hapo ndipo ilipozaliwa kazi mnayoifanya kila Jumanne na Alhamisi, mkidhani ilikuwepo tangu Nuhu. Maman Eugénie aliomba sinia litolewe kwenye kioo. Alitaka watoto walibebe. Madame Lieve alikataa, akakataa tena, akaenda nyumbani kwake, akarudi kesho yake na karatasi mpya aliyoandika juu yake: *kitu cha kushikwa*. Hilo ni jambo kubwa kwa mtunzaji, ni kama daktari kukuruhusu chumvi. Kwa sharti moja: mikono mitupu.

Basi kila darasa, mtoto mmoja baada ya mwingine hulibeba kutoka mlango wa bustani hadi meza ya Rais, likiwa na bakuli la maji limejaa. Hatua thelathini na mbili. Hakuna kusema. Gumba juu, zionekane. Mwalimu akisimama pembeni anawatazama kama askari, na sisi hatuwaambii kwanza ni kwa nini. Tunawaambia wakishafika. Nimeona wavulana wakorofi, waliotoka kwenye tramu wakipigana mateke, wanafika mezani wamekunja uso kwa uangalifu na hawataki kuliachia. Baadaye wanasoma maelezo ukutani na kuuliza nani alikuwa yule mjinga wa ndimu. Mimi huinua mkono. Wanafurahi sana. Usiogope kuwa mjinga mbele ya watoto, maana baada ya hapo wanakuuliza maswali ya kweli.

Lakini karatasi ya sahihi haikutiwa sahihi. Kila mwaka Maman Eugénie aliandika barua fupi: naazima mwaka mmoja zaidi. Mwaka mmoja, kisha mmoja. Sikuwahi kumuuliza. Kila barua ikija nilijua ni mimi niliyeifanya iwe fupi, na ndugu zake walikuwa bado wanasubiri. Nilifanya kazi hivyo miaka kumi na miwili, nikipokea watoto, nikirekebisha bawaba, nikijua kwamba nyumba yote inaning'inia kwa mwanamke mmoja ambaye nilimnyang'anya kitu. Sikosi usingizi ovyo, lakini mwezi wa barua nilikuwa nakosa.

Sinia lilianza kufubaa polepole. Mwaka wa tatu lilikuwa la kahawia. Mwaka wa tano au wa sita, nikilipangusa vumbi kwa brashi, niliona kivuli upande wa kulia, ukingoni. Kisha wa kushoto. Sikumwambia mtu, nilichukua karatasi nikaandika ninachokiona. Niliandika tena kila mwaka. Maelfu ya watoto wa kila rangi, vidole vidogo, vyenye wino, vyenye chokoleti hata tukinawisha vipi, na vyote vilitua mahali pamoja. Sinia lenye maji, ukiambiwa uonyeshe gumba, linashikika namna moja tu.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Ijumaa, mvua ya kawaida. Walinifanyia sherehe ndogo darasani: keki, hotuba, saa ya ukutani ambayo mke wangu ameificha. Madame Lieve, aliyestaafu kabla yangu, alikuja kwa tramu, baiskeli ameiacha. Maman Bibiche alinishika mkono akanipeleka chumba cha chini, akaniketisha kwenye kiti kando ya meza ya Rais.

"Ukae hapa, tonton. Leo uko mugeni."

"Maman, hiki kiti hakikaliwi, karatasi yake inasema..."

"Minasoma papier yake. Hiki ni kile ya darasa, tumebadirisha. Ukae."

Mlango wa bustani ukafunguka. Maman Eugénie aliingia amelibeba sinia. Nywele zake zimekuwa nyeupe, na alitembea pole kwa sababu ya nyonga, hatua thelathini na mbili, sote kimya, kama tulivyowafundisha watoto. Juu ya sinia kikombe cha chai, sukari, kisahani kidogo, na karatasi iliyokunjwa. Nilisikia Madame Lieve akivuta pumzi nyuma yangu: chai karibu na karatasi!

Alipofika sikutazama kikombe. Nilitazama gumba zake. Zilikuwa zimekaa juu ya zile alama mbili nyeusi, na zikatoshea.

Aliweka sinia mezani taratibu, asimwage. Karatasi ilikuwa na sahihi yake chini, wino umekauka tangu asubuhi: vitu vyote, kwa maktaba, daima. Kwenye kisahani, kando ya chai yangu, palikuwa na vipande vitatu vya ndimu, vimekatwa vizuri.

Maman Eugénie aliona ninavitazama. Akanyoosha mgongo, akashika ukingo wa meza, na akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu zile ngazi.

"Samahani kwa weusi huu," akasema. "Sikupata ndimu."